Foleni ya Mita Arobaini

Nchi hii haina jina. Ilikuwa nalo, zuri tu, ila lilipelekwa wizarani kupigwa muhuri na mpaka leo halijarudi. Wananchi wameshazoea. Mgeni akiuliza hapa ni wapi, wanamjibu, "Ni hapa hapa," na maisha yanaendelea.

Lakini hata bila jina, nchi hii ilikuwa na Wizara ya Juhudi na Utulivu, kitu ambacho nchi nyingi zenye majina hazina. Ilianzishwa mwaka ule makarani watatu walipozimia mezani ndani ya wiki moja. Serikali, ambayo ina huruma, iliguswa sana, ikaunda tume ichunguze kwa nini watumishi wanachoka. Tume ilichunguza miezi tisa bila kupumua, wajumbe wanne wakalazwa hospitali, na mwishowe ikatoa mapendekezo mawili. La kwanza, mtumishi afanye kazi zaidi kuliko zamani. La pili, asichoke.

Waziri, Mheshimiwa Dakta Machumu, alipoyasoma redioni alilia kidogo. "Ndugu wananchi," alisema, "mtumishi ni kama simu. Akiisha chaji, nani atapokea?"

Ndipo zikaja kadi. Kila mtumishi alivalishwa shingoni kadi yenye picha ya betri, naye aigeuze kila asubuhi kuonyesha rangi yake: kijani, njano au nyekundu. Nyekundu maana yake umekwisha, na aliyekwisha alifuatwa na gari la Utulivu, jeupe, lenye picha ya mto wa kulalia ubavuni, akapelekwa Kituo cha Mapumziko ya Lazima. Siku tisini. Bila simu, bila wageni, bila watoto, maana watoto huchosha. Huko mtu aliamshwa saa kumi na moja alfajiri ili awahi kupumzika. Mwenye kijani naye hakuachwa. Aliulizwa, kama nguvu zako zote bado unazo, kazi unafanya lini? Basi nchi nzima ikavaa njano, na pakawa na amani.

Kazi yenyewe ilipimwa kwa foleni. Hili lilikuwa jambo la kisayansi. Ofisi yenye foleni ndefu ni ofisi inayofanya kazi sana, hata mtoto analiona hilo. Isiyo na foleni, watu wake wanafanya nini? Kila Ijumaa saa nne asubuhi wapimaji wa Wizara walizunguka na futi kamba, wakapima kutoka dirishani mpaka kisigino cha mtu wa mwisho. Ofisi ya Leseni ilifikisha mita mia mbili na kumi, mkuu wake akavishwa medali na kupewa koti la kutundika kwenye kiti asipokuwapo.

*

Sasa, katika Ofisi ya Vyeti vya Kuzaliwa, dirisha namba tatu, alikaa dada mmoja akiitwa Sikudhani. Alikuwa na miaka ishirini na sita na mtoto wa kike wa miezi mitano, Raudhwa, kifungua mimba wake.

Kabla ya kujifungua alikuwa mtumishi mwema kama wenzake: foleni mita thelathini, kadi ya njano, kichwa kinagonga kuanzia Jumatatu. Aliporudi kutoka likizo ya uzazi alikuta sheria inampenda. Mama anayenyonyesha aruhusiwe kutoka saa saba mpaka saa nane mchana, iwapo hakuna mtu dirishani. Hilo neno "iwapo" ndilo lililomla. Wiki nzima ya kwanza hakuinuka kwenye kiti. Maziwa yalimlowa mpaka kwenye kanga aliyojifunga kwa ndani, na kule getini alimsikia Raudhwa analia mikononi mwa jirani yao, Bi Chausiku, ambaye alimleta kila siku na kumrudisha kila siku, mtoto hajaonja tone.

"Mama Raudhwa," Bi Chausiku alimwambia Ijumaa jioni, "mimi mtoto nitambeba mpaka aote ndevu, hilo si tatizo. Lakini wewe umejiona kwenye kioo?"

Sikudhani alijiona. Jumapili akakaa chini na kufikiri, na aliyemfundisha alikuwa Raudhwa mwenyewe. Ukiwa na mtoto mchanga una mkono mmoja, na hata huo hujui utaachiwa mpaka saa ngapi. Kwa hiyo unaanza na lililo zito. Hufui huku unapika huku unafagia. Unafua zote, unaanika, ndipo unashika mwiko. Na mtoto akilala, nawe unakaa, hata dakika kumi, la sivyo jioni utamkaripia bure malaika wa watu.

Akayapeleka hayo yote dirishani. Asubuhi, kabla ya kufungua, alitoka nje akawaambia watu: wenye fomu kamili kaeni huku, wasio na sahihi ya mtendaji wa mtaa nendeni sasa hivi mkaitafute, wenye majina yaliyokosewa nianze nanyi kabla akili yangu haijachoka. Akawaomba kila mtu asome fomu ya jirani yake, maana kosa la mwenzio unaliona upesi kuliko lako. Akaandika vyeti vyote. Kisha akapiga mihuri yote. Kisha akavipeleka kwa mkuu vikasainiwe kwa mara moja, badala ya kumgongea mlango mara hamsini. Katikati aliinuka mara mbili, akanywa maji, akajinyoosha mgongo.

Saa sita na robo palikuwa hakuna mtu. Sikudhani alitoa kichwa dirishani akatazama kushoto, akatazama kulia, akadhani labda kuna msiba.

Saa saba alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyuma, Raudhwa anameza kwa pupa mpaka jasho linamtoka puani. Mchana alirudi akapanga majalada ya zamani. Saa tisa alikwenda nyumbani akiwa na nguvu za kuimba. Ikawa hivyo wiki nzima. Alhamisi, bila ubaya wowote, kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa kweli, akaigeuza kadi yake kuwa kijani.

*

Mpimaji wa eneo lile aliitwa Kiango, mtu mrefu, mpole, futi kamba kiunoni kama upanga. Ijumaa saa nne alilikuta dirisha namba tatu lina watu sita, tena wamekaa kwenye benchi wanacheka.

"Dada, foleni yako iko wapi?"

"Ndiyo hiyo, kaka. Wengine nimeshawamaliza."

"Umewamaliza?" Kiango alishtuka, akashusha sauti. "Dada yangu, foleni haimalizwi. Foleni inahudumiwa."

"Sasa mimi niliihudumia, ikaisha."

Kiango aliitazama fomu yake. Ilikuwa na visanduku vya mita kumi mpaka mia tatu. Akaitazama kadi ya kijani shingoni mwa Sikudhani, kisha akatazama pembeni, kama mtu aliyemwona mwenzake amevaa nguo nje ndani na anaona haya kumwambia.

"Nitaandika ninachokiona," alisema. "Unisamehe."

Barua ilikuja Jumatatu. Ilimshukuru kwa utumishi wake, ikamtuhumu kwa uvivu wa mwendo kasi, pamoja na kuungua kwa ndani kulikofichwa kwa rangi ya kijani. Shauri litasikilizwa Jumatano, saa sita na nusu mchana, katika ukumbi wa ofisi yake. Akipatikana na hatia ataondoka na gari la Utulivu siku hiyo hiyo. Gari huondoka saa tisa kamili. Mtuhumiwa aje na mswaki.

Sikudhani aliisoma barua mara tatu, Raudhwa yuko mapajani anaitafuna pembe ya bahasha. Siku tisini. Akahesabu kwa vidole miezi ya mtoto, akafika minane. Atakuwa amekaa. Atakuwa anatambaa. Atakuwa amemzoea mwingine, na maziwa haya yatakuwa yamekauka zamani.

*

Jumatano ilifika na ukumbi ulipambwa kwa vitambaa vya njano. Mwenyekiti wa Kamati alikuwa Bwana Ndimbo, mwenye sauti ya kutangaza vifo. Kulia na kushoto kwake walikaa wajumbe wawili. Wote watatu walikuwa wametoka kwenye semina ya wiki mbili juu ya kuepuka uchovu, iliyoanza kila siku kabla jua halijachomoza, na macho yao yalikuwa mekundu kama ya njiwa. Kadi zao zilikuwa njano.

Nje, uani, kilisimama kielelezo. Wizara ilitaka mtuhumiwa aone kwa macho foleni yenye heshima ilivyo, kwa hiyo iliiazima moja kutoka wilaya jirani, ikaileta kwa malori mawili. Ilikuwa na mita arobaini kamili, watu sitini, wengi wao akina mama wenye watoto, wanaosubiri vyeti tangu kabla ya mvua. Walishushwa wakapangwa kwa utaratibu ule ule. Kiango aliwapima, akasaini.

"Mtuhumiwa," alisema Bwana Ndimbo, "inuka utazame dirishani. Unaona nini?"

"Naona watu wamesimama juani, mheshimiwa."

"Unaona juhudi! Hiyo ni ofisi inayohangaika usiku na mchana. Sasa tuambie, foleni yako ya mita thelathini, uliyokabidhiwa na taifa, uliipeleka wapi?"

"Walikwenda nyumbani kwao. Na vyeti vyao."

Mjumbe wa kulia aliandika: *anakiri*.

"Na nguvu?" aliuliza wa kushoto. "Kazi ya siku nzima unaila kabla ya adhuhuri, halafu unavaa kijani. Binadamu hawezi. Wewe umeungua, mama, ila hujanusa moshi."

"Mimi sijachoka, waheshimiwa. Naanza na lililo zito, nafanya moja moja, nikimaliza napumzika."

"Unapumzika bila kibali?"

Sikudhani alifungua mdomo, lakini hapo sauti ikatoka getini, nyembamba, inayopanda ngazi taratibu mpaka ikawa kilio kamili. Aliijua. Kifua chake nacho kiliijua. Kanga ikaanza kulowa. Alisikia mlinzi anabishana na Bi Chausiku.

"Mgeni lazima aandikwe kwenye daftari. Jina, na shughuli iliyomleta."

"Andika Raudhwa. Shughuli, kunyonya."

"Anamtaka afisa gani?"

"Wewe baba, unataka nikuchoree?"

Bwana Ndimbo alikunja uso. "Kelele hizo ndizo zinazochosha watumishi. Kule Kituoni hutazisikia, mama, siku tisini nzima. Utatushukuru." Akaivuta fomu ya kumsafirisha, akafungua kalamu.

Wino haujagusa karatasi, king'ora kikalia. Saa saba. Mapumziko ya Kitaifa, amri mpya ya wiki hiyo: dakika kumi, kila mtumishi popote alipo afumbe macho kwa namna impendezayo, na anayekataa ashtakiwe. Bwana Ndimbo aliweka kalamu, akafumba macho kwa uzalendo. Wajumbe wakafumba. Katibu, ambaye kazi yake ilikuwa kuamsha wengine dakika kumi zikiisha, naye alifumba, kwani alikuwa mtumishi kama wao. Mlinzi akaegemea geti. Madereva wa malori wakalaza viti.

Mkoromo wa kwanza ulitoka kwa Mwenyekiti mwenyewe, mzito, kama mtu anayeburuta kabati.

Walioachwa macho walikuwa wawili kwa sheria: Kiango, maana foleni haiachwi bila mpimaji, na foleni yenyewe, maana wananchi si watumishi na hawana haki ya kuchoka.

*

Sikudhani hakufumba macho. Sheria ilisema kwa namna impendezayo. Alinyata akampita mlinzi, akampokea Raudhwa, akaja kukaa kwenye ngazi za ukumbi. Mtoto alilia kidogo zaidi kwa hasira ya kucheleweshwa, kisha akashika, na dunia yote ikanyamaza. Alimnyonyesha titi hili na hili, bila haraka. Huenda ni mara ya mwisho, aliwaza, na akamkariri: sikio lile lililokunjika, wayo, harufu ya kisogo.

Dakika kumi zikapita. Dakika ishirini. Ndani walikoroma kwa zamu.

Mama mmoja wa kwenye foleni alimsogelea. "Mwanangu, samahani. Wewe ndiye wa vyeti?"

"Ndiyo mama. Mpaka saa tisa."

"Mimi mjukuu wangu ametimiza miaka saba, shule hawamwandikishi. Nimesimama mpaka nimesahau nilikuja kufanya nini. Si unitazamie tu kama fomu yangu iko sawa?"

Sikudhani aliitazama ile fomu. Ilikuwa sawa kabisa. Imekuwa sawa tangu kabla ya mvua.

Kama angewaza sana, asingeinuka. Alimfunga Raudhwa mgongoni, akafungua dirisha namba tatu. "Wenye fomu kamili huku," alisema kwa sauti ya chini. "Wenye majina yaliyokosewa njooni kwanza. Kila mtu amsomee mwenzake. Na tafadhali, msiwaamshe waheshimiwa, wana kazi kubwa."

Kiango alisimama kando na futi kamba yake, anaona foleni aliyoisainia ikiyeyuka. Mita thelathini na tano. Ishirini. Alipaswa kupiga filimbi; ilikuwa shingoni, akaishika, akaiachia. Mkuu wa ofisi alikuwa amelala mezani ofisini kwake. Sikudhani alimwekea rundo la vyeti na kalamu mkononi, akamnong'oneza sikioni, "Hapa, mheshimiwa," na mkuu, kwa mazoea ya miaka ishirini, akasaini sitini bila kufumbua macho.

Saa tisa kasorobo mtu wa mwisho alitoka na cheti, akaenda kukaa na wenzake kivulini nyuma ya malori, kusubiri madereva waamke. Kiango akasogea dirishani. Hakuwa na fomu mkononi. Aliitoa mfukoni mwa ndani, imekunjwa mpaka imechanika.

"Dada. Na mimi je?"

"Wewe una mtoto, kaka?"

"Watatu. Huyu wa pili hana cheti. Sisi wapimaji haturuhusiwi kusimama kwenye foleni, tusije tukairefusha kwa upendeleo. Miaka miwili nimeitembeza hii karatasi."

Sikudhani aliisoma, akaandika, akapiga muhuri, akapeleka kwa mkuu. Dakika nne. Kiango alikishika cheti kwa mikono miwili.

Ndipo ndani ya ukumbi kitu kikaanguka puu. Ilikuwa kalamu ya Mwenyekiti.

*

"Dakika kumi safi sana," alisema Bwana Ndimbo, shavu lake limechapwa alama za vifungo vya mkono wa koti. Wajumbe wakakubali. Saa ya ukutani iliwaambia ni saa tisa kasoro dakika nane, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuisoma. Sikudhani alikuwa amekwisha kurudi mahali pake, Raudhwa mgongoni amelala. Nje, gari la Utulivu liliwasha injini.

"Tunahukumu," Mwenyekiti alisema, na kalamu ikaanza kwenda. "Sikudhani... siku tisini... Mtoto ana miezi mingapi?"

"Mitano, mheshimiwa."

"Ukitoka atakuwa na minane. Atakuwa ametambaa tayari, wewe umeokoka hiyo taabu yote." Akafika kwenye sahihi, akasimama. "Ah. Kielelezo lazima kipimwe kabla na baada. Mpimaji! Nenda kapime foleni."

Kiango hakujongea.

"Mpimaji."

"Nakwenda, mheshimiwa."

Akatoka. Sikudhani alisikia viatu vyake vinashuka ngazi, kisha vinakimbia, kisha hakuna. Aliujua ule uwanja ulivyo: mtupu, jua na majani makavu. Kielelezo cha serikali amekiharibu kwa mikono yake, tena mbele ya kamati. Kwa hilo hakuna cha siku tisini, labda mwaka. Alipeleka mkono nyuma akaushika mguu wa mwanawe. Gari lilipiga honi. Saa tisa kasoro dakika tatu.

"Mbona anachelewa?" alisema mjumbe wa kushoto, akaanza kuinuka kwenda dirishani.

Mlango ukafunguka. Kiango alikuwa anahema, shati limemtoka suruali.

"Ipo, mheshimiwa. Mita arobaini na saba."

"Ilikuwa arobaini."

"Imekua."

Wote watatu wakakimbilia dirishani, Sikudhani nyuma yao. Foleni ilikuwa pale. Wamesimama kisigino kwa kidole, akina mama wa wilaya jirani, wapiga soga waliookotwa barabarani, hata Bi Chausiku, hata mlinzi, ambaye hakuelewa lolote ila alikuwa ameambiwa asimame. Vyeti vimefichwa kwenye kanga na ndani ya kofia. Nyuso zimekunjwa kwa mateso.

"Tangu alfajiri jamani!" alilalama yule bibi mwenye mjukuu.

"Hapa tutafia!" akaitikia mwingine, na mzee mmoja akajishika kifua, akaanza kuyumba, mpaka mkewe akamfinya: "Usizidishe, wewe."

Bwana Ndimbo alitazama kwa muda mrefu. Macho yake yalilowa.

"Na hii yote sasa inasubiri dirisha namba tatu?"

"Namba tatu," alisema Kiango. "Sijawahi kupima iliyonyooka hivi."

Mwenyekiti alirudi mezani, akaichana ile fomu polepole, kwa heshima. "Mtuhumiwa amepona," alitangaza. "Saa chache tu mbele ya kamati, na tazama amejenga nini! Haya ndiyo matunda ya utulivu wetu." Akamwendea Sikudhani na kwa mkono wake mwenyewe akaigeuza kadi yake ikawa ya njano. "Ila uitunze foleni hii, mama. Kila Ijumaa tutaipima. Ikipungua mita moja, gari linakuja."

Saa tisa kamili gari la Utulivu liliondoka likiwa tupu. Kamati ilipotoweka kwenye kona, foleni ilisubiri kidogo kwa adabu, kisha ikacheka mpaka watoto wakaamka.

*

Mpaka leo dirisha namba tatu linaongoza wilaya nzima. Ijumaa saa nne kasorobo watu wa mitaa ya jirani huja kusimama, walio na shida na wasio nayo. Wanaleta karanga, wanapokezana Raudhwa, wanaulizana habari za wagonjwa. Wapya hufundishwa kukunja uso. Wizara imeandika kwamba ni foleni yenye nidhamu ya kipekee, ingawa mwaka huu iligundua, kwa mshangao, kwamba waliomo wananenepa.

Kiango hupima polepole, anasoma namba kwa sauti, anasaini. Kisha anakunja futi kamba na kusema, "Haya jamani, mpisheni dada, ana kazi."

Wanampisha. Anaanza na lililo zito. Na saa saba mchana Bi Chausiku anafika getini, na mtoto wala hapati nafasi ya kulia.